Soseji ya Mtaliano Ina Mambo Yetu Ndani Yake

Wandugu, kuna kitu nimechoka kukisikia. Kila nikisema natengeneza soseji ya nguruwe ya Kitaliano hapa nyumbani Kaloleni, lazima mtu aniambie, "Wewe hiyo waachie Wataliano wa Malindi." Kana kwamba hicho chakula kilishuka na ndege juzi, nasi kazi yetu ni kubeba sahani tu. Leo naandika kirefu, manake video ya dakika mbili haiwezi kubeba haya. Ukiichambua hiyo soseji kitu kimoja kimoja, utakuta pwani yetu na Kenya yetu zimo ndani, na kuna pahali zimo kwa uchungu.

Tuanze na yenyewe. Wataliano huiita salsiccia, jina linalotokana na Kilatini, maana yake kitu kilichotiwa chumvi. Na Warumi hawakudai kwamba waliibuni wao. Varro, msomi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika kwamba askari wa Kirumi walijifunza kwa watu wa Lucania, kusini mwa Italia, ndiyo wakaiita lucanica. Mpaka leo kaskazini mwa Italia kuna soseji inaitwa luganega. Watu wa Lucania ni watu ambao Roma iliwashinda vitani. Kwa hiyo hata Roma kwenyewe ilianza kama chakula cha watu wengine, wakaichukua, wakaipenda, baadaye ikawa yao. Hakuna aliyewaambia wawaachie wenyewe.

Mimi naitengeneza hivi. Nyama ya bega, na mafuta ya mgongo yafike robo ya mchanganyiko, hata theluthi. Usiogope mafuta, soseji isiyo na mafuta ni ugali mkavu. Chumvi gramu 18 hadi 20 kwa kila kilo, na hapa ni mizani, si mkono. Kitunguu saumu, pilipili manga ya kuponda, na shamari. Shamari ndiyo inayoipa ile harufu ya Kitaliano, na watu wanadhani ni lazima uiagize Nairobi. Nenda duka la viungo Mombasa au Kilifi, wengine wataijua kwa jina la bizari tamu. Ni ileile mama zetu wanayoichemshia mtoto mchanga mwenye gesi tumboni! Wataliano wengi hutia mvinyo kidogo. Mimi natia mnazi wa asubuhi, kikombe kidogo tu, na sitaki ubishi kuhusu hilo.

Nyama isagwe kwa sahani yenye matundu makubwa, halafu ikandwe kwa mkono mpaka inate. Utumbo mwembamba unageuzwa, unaparuzwa, unaoshwa kwa chumvi na ndimu mara kadhaa. Unajaza, unakunja kila shubiri moja, basi.

Ngoma ni joto. Italia familia zilikuwa zikichinja nguruwe majira ya baridi, Disemba na Januari, na mafundi kutoka mji wa Norcia walikuwa wakizunguka vijiji kuifanya hiyo kazi, mpaka neno norcino likawa ndilo jina la fundi wa nguruwe. Baridi ya nje ilikuwa friji yao. Sasa Kaloleni mwezi wa pili, jua la saa nne tu unatoa jasho umekaa. Mafuta yakianza kuyeyuka wakati unasaga, soseji ikikaangwa inakuwa kama vumbi la mbao. Kwa hiyo nyama, mafuta, hata visu vya mashine, vyote vinaingia friza kwanza. Na usijaribu kuining'iniza ikauke kama wanavyofanya wao. Unyevu wetu hauruhusu, na sumu ya nyama iliyohifadhiwa vibaya si mchezo: neno botulism lenyewe limetoka kwa botulus, Kilatini cha soseji, baada ya watu kufa kwa soseji Ujerumani karne ya 19. Yetu iwe mbichi, ipikwe ndani ya siku mbili au ikae friza, na ikipikwa iive mpaka katikati, nyuzi 71.

Haya, hiyo pilipili manga. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, ndiyo maana Waarabu wa Omani waliitwa Wamanga. Lakini mti wenyewe ni wa Malabar, kusini-magharibi mwa India, na majahazi ya bahari yetu yamekuwa yakibeba bidhaa za huko kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu Ulaya ilipata sehemu kubwa ya pilipili yake kupitia Alexandria, na wauzaji wakubwa walikuwa Wataliano wa Venice, waliotajirika kwelikweli. Wareno wakataka njia yao. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, mambo yakaharibika, akasogea Malindi. Sultani wa Malindi, aliyekuwa hapatani na Mombasa, akampa rubani anayeijua njia, na Mei mwaka huohuo wakafika Calicut, nchi ya pilipili. (Hadithi kwamba rubani alikuwa Ibn Majid inasimuliwa sana, lakini wanahistoria wengi hawaikubali.) Habari zilipofika Venice, wafanyabiashara wa huko walishtuka, wakaona biashara yao inaondoka.

Kwa hiyo ule mnara wa Vasco da Gama unaopigia picha pale Malindi, mimi naona ni mnara wa pilipili. Na yaliyofuata tunayajua: mizinga, kodi, Fort Jesus. Mwafaka wa Malindi na Wareno ulitugharimu pwani nzima. Mtu akiniambia pilipili ya soseji ni ya Mtaliano namuuliza, ilipita wapi?

Sasa nguruwe mwenyewe. Nguruwe wa kufugwa kwa biashara Kenya waliletwa na walowezi, na kiwanda kilichojulikana zaidi kilikuwa Uplands Bacon Factory, upande wa Limuru. Bekoni na soseji za kifungua kinywa cha mzungu zilitoka huko. Waliochinja, waliosaga na waliojaza walikuwa Waafrika, na ujira wao wala usiulize.

Hapa ndipo historia ya soseji Kenya inapoingia Mombasa, na hakuna mwalimu aliyenifundisha hivi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Bandari, reli, mahoteli, hata wapishi na matopasi, watu kama 15,000, mji ukasimama siku kumi na mbili. Walikuwa wakikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Wamijikenda wengi walikuwa vibarua bandarini miaka hiyo, kwa hiyo mimi nikiisoma hii habari nasoma habari za mababu zetu, hata kama vitabu haviwataji kwa majina. Katika mgomo huo likazaliwa shirikisho lao, African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Akautoa ule moto pwani akaupeleka bara, Nairobi na Kiambu. Agosti 1947 serikali ikamkamata. Septemba wafanyakazi wa kiwanda cha Uplands wakagoma, polisi wakaja, wakafyatua risasi. Watatu wakafa. Kibachia akapelekwa kizuizini Kabarnet, huko Baringo, akakaa miaka.

Watu watatu wameuawa mlangoni mwa kiwanda cha soseji, katika vuguvugu lililoanzia Mombasa. Halafu mtu wa pwani ananiambia soseji haituhusu. Nionyeshe chakula gani kingine kwenye sahani yako kimelipiwa hivyo.

Na walowezi pia walikuwa na kilio chao, sema chao kilitoka porini. Kuanzia karibu 1910 nguruwe wao walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka: homa kali, ngozi kuwa nyekundu, siku chache kwisha. Daktari wa mifugo Montgomery aliufuatilia, akaandika ripoti mwaka 1921. Kati ya nguruwe 1,366 walioguswa na milipuko aliyoihesabu, waliobaki hai hawakufika 20. Alitambua kwamba ngiri na nguruwe mwitu wanaubeba bila kuumwa. Ndiyo hii tunaiita homa ya nguruwe ya Afrika, na duniani ilielezwa mara ya kwanza hapa Kenya. Haina tiba. Binadamu haimdhuru, lakini banda zima inafagia.

Sikiliza ilivyosafiri. Mwaka 1957 ilifika Lisbon, Ureno, kwa mabaki ya chakula cha ndege yaliyolishwa nguruwe. Mwaka 1978 ikaingia Sardinia, kisiwa cha Italia, ikakaa zaidi ya miaka 40. Januari 2022 ikapatikana kwa nguruwe mwitu Italia bara, Piedmont na Liguria, na nchi kama Japani zikafunga mlango kwa nyama ya nguruwe ya Kitaliano. Pilipili iliwafikia kupitia bahari yetu, na ugonjwa huu nao ulitoka Afrika. Virusi vyake vinaweza kuishi miezi ndani ya soseji isiyopikwa. Kwa hiyo we unayefuga hapa Kaloleni, maganda na mabaki ya nyama ya nguruwe usimrudishie nguruwe. Na mabaki ya hotelini yachemshe kabla hujampa. Nguruwe mwitu wakija usiku kwenye muhogo wako, banda liwe na ua unaofungika.

Lakini kuna jambo la hapahapa nyumbani ambalo ni zito kuliko hayo yote. Kaloleni boma moja lina Mkristo, Mwislamu, na mzee wa koma na kaya. Ni nani anakula nini si suala la ladha. Mwingereza mmoja, David Parkin, aliishi na kutafiti kwenye ukanda huu wa minazi wa Wagiriama miaka ya 1960, akatoa kitabu mwaka 1972, Palms, Wine and Witnesses. Aliona vijana wafanyabiashara waliokuwa wakinunua minazi na mashamba ya majirani. Baadhi yao walipandwa na pepo wa Kiislamu, na pepo wakawakataza mnazi na nyama isiyochinjwa Kiislamu. Basi wakajitoa kwenye karamu za wazee bila kuwatukana, na pesa zao zikabaki mfukoni.

Soma tena hapo. Kukataa chakula Kaloleni kulikuwa pia njia ya kujenga mtaji. Sisemi imani yao ilikuwa ya uongo, na Parkin hakusema hivyo. Nasema tu kwamba kwetu sahani na hesabu zimekaa mkeka mmoja tangu zamani, na anayedhani soseji yangu ni mambo ya kuiga wazungu hajaijua Kaloleni.

Baba yangu mdogo ni Mwislamu, na boma ni moja. Nilipoanza hii kazi nilienda kumwambia kabla hajanusa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tafuta riziki. Ila jiko lako liwe kule, na sufuria yangu usiiguse." Basi. Nina mashine yangu, visu vyangu, beseni zangu zenye alama nyekundu, na jiko liko nyuma ya banda la mbuzi. Mgeni akija kwangu naitaja nyama kwa jina lake kabla hajashika kipande. Si kitimoto, si mbuzi katoliki, hayo majina ya mafumbo yafaa kwa wanaojuana. Mtu ana haki ya kujua.

Sasa pesa. Wavulana wanaofuga hapa wanauza nguruwe mzima. Dalali anakuja na pikipiki, hana mizani, anakisia kwa macho, anataja bei na kuondoka. Wakati huohuo Malindi, mwendo wa asubuhi moja kwa matatu, kuna Wataliano tangu enzi za San Marco, pale Ngomeni, ambako Luigi Broglio na wenzake walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini Aprili 1967. Wakafuata watalii, wakaja wastaafu, leo kuna vijana wa ufuoni wanabishana kwa Kitaliano kuliko Kiingereza. Wateja wa salsiccia wako kwenye kaunti yetu hiihii. Sisi tunawauzia mnyama, mwingine anawauzia chakula, na tofauti ya hapo katikati ndiyo karo ya shule.

Naomba tu tusirukie. Ya kula nyumbani ni jambo moja, ya kuuza ni lingine: nyama itoke machinjioni ikiwa na muhuri wa mkaguzi, manake tegu wa nguruwe ni balaa, na kibali cha kaunti kiwepo. Sisi watatu tumeanza kuulizia vibali na tunachanga friza ya pili. Video ijayo ni ya kuosha utumbo, watu wengi mmeiomba. Nitairekodi Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda. Baba mdogo ameuliza upepo wa siku hiyo utavuma kutoka wapi.