Ua na Mlango Wake

Ukitoka Nairobi kwa njia kuu iendayo Namanga, ukaupita mji wa Athi River, hukawii kufika Noonkopir, mji ambao wengi siku hizi huuita Kitengela. Simama hapo kando ya njia alfajiri, kabla ya jua kuchomoza. Utawaona wanafunzi wakipita makundi kwa makundi, wamevaa sare zao, vitabu mgongoni, wakikaza mwendo ili kengele isiwatangulie. Kila mmoja amechukua mizigo miwili isiyoonekana kwa macho. Mmoja ni sheria za shule yake: saa ya kufika, urefu wa nywele, namna ya kuvaa, mahali pa kwenda na mahali pasipoendwa. Wa pili ni matumaini ya waliomtuma: mama aliyeuza maziwa, baba aliyeuza ng'ombe, mjomba aliyeongeza kilichopungua katika karo.

Wewe usomaye ukurasa huu u mmoja wa wanafunzi hao, au mwenzao wa mahali pengine. Naamini umepata kujiuliza mara nyingi: Sheria hizi zilitoka wapi? Nani alizitunga? Mbona zinanibana mimi, wala siambiwi sababu? Maswali hayo si utovu wa adabu. Ni maswali mema, na historia inaweza kuyajibu kwa sehemu kubwa. Basi tufuatane.

Kwanza yakupasa kujua kwamba sheria za vijana hazikuletwa Kajiado na shule. Nyanda hizi zilikuwa na sheria za vijana kabla ya kengele ya kwanza kupigwa. Kijana wa Kimaasai aliyekwisha kutahiriwa na kuingia katika rika la morani alikuwa chini ya amri kali kuliko nyingi uzijuazo. Hakuruhusiwa kula chakula peke yake; sharti awe na mwenzake wa rika. Nyama yake haikupasa kuonekana na wanawake walioolewa. Pombe na tumbaku vilikuwa haramu kwake. Kulinda mifugo na watu ilikuwa kazi yake, mchana na usiku, masika na kiangazi.

Lakini tazama upande wa pili. Mtu huyo huyo aliyebanwa kwa amri nyingi alikuwa na haki nyingi pia. Alifuga nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka ngeu nyekundu, jambo ambalo mtoto hakuruhusiwa wala mzee hakulifanya. Alichukua mkuki na ngao. Aliimba na kucheza mbele ya watu wote, akasifiwa. Siku ya sherehe ya eunoto ilipofika, mama yake alimnyoa nywele zile, na kila mtu akajua kwamba amepanda daraja. Sheria na heshima vilikuja pamoja, kama pacha. Aliyepewa wajibu alipewa na fahari yake.

Liko jambo jingine la kutia moyoni. Morani hawakutawaliwa na watu wasiowajua. Walikuwa na wazee wa kuwalea, walioitwa ilpiron, yaani wale waliowawashia moto wa rika lao. Nao wenyewe walikuwa na msemaji wao, olaiguenani, aliyechaguliwa miongoni mwao kwa busara na tabia njema, akapewa rungu jeusi kuwa alama ya cheo chake. Neno la vijana lilifika kwa wazee kwa kinywa cha mtu wao, na neno la wazee likarudi kwa njia iyo hiyo.

Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa pepo. Msichana hakuwa na nafasi katika utaratibu huo. Wengi walikeketwa na kuozwa wakingali watoto, wala hapakuwa na msemaji wa kupeleka kilio chao. Nitarudi kwa jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yetu.

Shule zilipokuja hazikukuta watu wakizingoja kwa mikono miwili. Wamaasai walikuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nchi yao kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, na si ajabu kwamba walikishuku kila kilicholetwa na serikali ya wageni. Hata hivyo walikuwako waliotangulia. Molonket ole Sempele aliuza ng'ombe zake, akasafiri mwaka 1909 hadi Marekani kutafuta elimu, akarudi kuwahimiza wenzake. Serikali nayo ilifungua shule Narok na Kajiado katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, lakini wazee wengi hawakuwatoa wana wao kwa hiari. Kila mtoto aliyekwenda darasani alikuwa mchungaji mmoja aliyepungua malishoni.

Katika shule za namna hii mwanafunzi alikuta sheria za nchi nyingine. Utaratibu wa viranja, kwa mfano, ulikuwa na nguvu sana katika shule za Uingereza, na aliyeusifia na kuutumia zaidi ni Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa Rugby tangu mwaka 1828 mpaka 1842. Yeye aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo. Kutoka huko utaratibu huo ulisafiri na wamisionari na walimu mpaka Afrika ya Mashariki. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ikawa kielelezo cha shule nyingine, hasa chini ya Edward Carey Francis, aliyeiongoza tangu mwaka 1940 hadi 1962. Viranja, ukaguzi wa mabweni, kazi za mikono, michezo, ibada, na saa iliyogawanywa kwa kengele: hayo yote yalienea, na Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hayakuondoka na bendera ya mkoloni.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mengi katika hayo yalikuwa mema, na yalilea watu walioijenga nchi. Lakini kulikuwa na tofauti moja na utaratibu wa zamani. Kiranja hakuchaguliwa na wenzake kama olaiguenani. Aliteuliwa na walimu. Kwa hiyo, mara nyingi, neno lilishuka kutoka juu, lakini halikuwa na ngazi ya kupandia.

Kisha kulikuwa na fimbo. Huenda ukastaajabu kusikia kwamba fimbo yenyewe ilikuwa na sheria. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 zilisema kwamba mwanafunzi asichapwe ila kwa kosa kubwa, baada ya uchunguzi kamili. Kwamba achapwe na mwalimu mkuu au mbele yake. Kwamba asichapwe mbele ya wanafunzi wenziwe. Na kwamba viboko visizidi sita. Soma tena maneno hayo, kisha umwulize mtu yeyote aliyesoma katika miaka ile. Atacheka, au atanyamaza. Kanuni ilikuwa kitabuni, na fimbo ilikuwa mkononi mwa kila aliyeitaka. Sheria inayomfunga mdogo bila kumfunga mkubwa haiitwi sheria. Ni nguvu tu iliyovaa joho. Mwaka 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Katiba ya mwaka 2010 ikamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili na mateso ya moyo.

Katika miaka hiyo hiyo yalitokea mambo ambayo mwandishi angependa kuyapita, lakini historia ifichayo vilio haifundishi kitu. Mwaka 1999, huko Nyeri, viranja wanne walichomwa moto chumbani mwao wakafa. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, si mbali na nyanda zetu, bweni lilichomwa usiku, na wavulana 67 wakafa. Waliokuwa ndani walikimbilia milangoni na madirishani. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma.

Msomaji, tafakari kwa makini juu ya usiku ule. Makosa mawili yalikutana. La kwanza ni la wale waliodhani kwamba dhuluma huondolewa kwa moto. Moto hauchagui, haukumwunguza aliyetunga sheria, bali mtoto wa mwenzao aliyelala. Hakuna manung'uniko, yawe ya haki namna gani, yanayoweza kuhalalisha kiberiti. La pili ni la watu wazima waliojenga ua wakasahau mlango. Vyuma viliwekwa ili wanafunzi wasitoke usiku, lakini siku ya hatari, kilichowekwa kwa ulinzi kikawa kifo. Kwa sababu hiyo maagizo ya usalama wa shule yaliyotolewa mwaka 2008 yanataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Unapoona sheria hiyo imevunjwa mahali ulalapo, kusema si ukaidi. Ni wajibu wako.

Tena ngazi ya kupandia ilianza kujengwa. Mwaka 2009 baraza la wanafunzi wa sekondari la nchi nzima liliundwa, na shule zikaanza kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura. Sheria ya mwaka 2013 iliweka mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika halmashauri ya shule. Hivyo, kwa njia ndefu ya kupitia Rugby na Alliance, tumerudi karibu na olaiguenani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba msichana wa Kirastafari, aliyekatazwa kusoma kwa sababu ya nywele zake, arudishwe darasani. Ukubaliane na hukumu hiyo au usikubaliane nayo, tazama njia iliyotumika: hoja, si mawe.

Sasa nitimize ahadi yangu juu ya wasichana. Katika mji wa Kajiado iko shule ya bweni ya wasichana, iliyoanzishwa na misheni ya A.I.M. mwaka 1959, ambayo baadaye ilikuwa kimbilio la wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa. Mwalimu mkuu wake kwa miaka mingi, Priscilla Nangurai, alijulikana sana kwa kuwapokea na kuwatetea. Fikiri juu ya lango la shule ile. Sheria isemayo kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutoka bila kibali, wala mgeni kuingia bila ruhusa, ni sheria ile ile unayoinung'unikia wewe siku ya Jumamosi unapotaka kwenda dukani. Lakini kwa msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye mahari yake imekwisha kupokewa, lango hilo ndilo lililosimama kati yake na maisha asiyoyataka. Ua mmoja, na watu wawili wanaoutazama: mmoja aona gereza, mwingine aona wokovu.

Basi tuzipimeje sheria? Boma la Kimaasai latufundisha. Limezungushiwa ua wa miiba, kwa kuwa nje kuna simba na ndani kuna ndama. Lakini lina milango, na kila asubuhi milango hufunguliwa ili mifugo ikale majani. Boma lisilo na ua huliwa na simba. Boma lisilo na mlango hufa kwa njaa. Kwa hiyo mbele ya kila sheria ya shule uliza mambo matatu. Inazuia simba gani? Mlango wake uko wapi, yaani mwenye haja ya kweli asikilizwe na nani? Tena, aliyeiweka naye anaifuata? Ukiuliza kwa adabu, utaona kwamba sheria nyingi uzichukiazo zina sababu njema: saa ya kulala, sare inayomficha maskini asijulikane mbele ya tajiri, zamu ya usafi. Utaona pia kwamba chache hazina sababu, ila zimerithiwa tu. Hizo zipeleke kwa msemaji wako, na msemaji azipeleke kwa wazee.

Nawe usidai haki huku umeuweka wajibu chini. Morani hakuachiwa nywele ndefu bure. Alizilipia kwa usiku wa kukesha zizini. Mwanafunzi atakaye kusikilizwa na aanze kwa kufika mapema, kusema kweli, na kutomwonea aliye chini yake.

Nimalize kwa kisa cha hapa hapa Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wake wa kusini, na simba huvuka wakaingia mazizini. Mwezi wa Juni mwaka 2012 watu wenye hasira waliwaua simba sita kwa siku moja. Lakini kabla ya hapo mvulana mmoja wa nyanda hizo, Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe za baba yake, alikuwa amekwisha kugundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Mtoto huyu aliwahi kuifungua redio ya mama yake apate kujua ilivyo ndani, na mama akakasirika mno. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, alichukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha taa za pikipiki, na balbu za tochi mbovu, akafanya taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi. Simba hawakuingia tena. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza kazi yake.

Yeye aliona kwamba ua wa baba zake hautoshi. Hakuubomoa, wala hakuutia moto. Alikaa, akautazama, akautia nuru. Kengele inalia sasa, msomaji; nenda darasani, nawe ukautazame ua wako.