Beatrice Shilling, mhandisi aliyeokoa marubani wa kivita

Beatrice Shilling (1909-1990) alikuwa mtafiti wa ndege nchini Uingereza. Alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Manchester mnamo 1932, kisha akapata shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo mwaka uliofuata. Alitafiti injini katika Chuo Kikuu cha Birmingham kabla ya kujiunga na kituo cha serikali cha Farnborough mnamo 1936.

Huko ndiko alikojipatia sifa. Injini ya Merlin, iliyoendesha ndege za Spitfire na Hurricane, ilikuwa ikikatika rubani alipoinamisha pua ya ndege ghafla, kwani mafuta yalivurugika ndani ya kabureta. Ndege za Wajerumani hazikuwa na kabureta, hivyo ziliponyoka kwa kupiga mbizi tu. Mnamo 1941 Shilling alibuni kipande kidogo cha madini chenye tundu, kilichopitisha mafuta ya kiasi cha injini, yasifurike. Kilifungwa bila kuiondoa ndege vitani, naye alizuru viwanja kwa pikipiki kusimamia kazi hiyo. Alistaafu mnamo 1969.