Mkono Unaoshika, Mkono Unaounga

"Wee, nisapoti bwana!" Mtaani hatukosi kulisikia. Sapoti ya nauli, sapoti ya timu, sapoti ya hoja. Neno moja tumelitwika mizigo yote. Kumbe huko lilikotoka lina ndugu kadhaa, na kila mmoja ana kazi yake.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza. Kifaransa kikakaa ikulu na mahakamani, na maneno yake mengi yakahamia kwenye Kiingereza. "Uphold", kushika juu, ni la wenyeji. "Support" na "sustain" asili yake ni Kilatini, yakapitia Kifaransa: la kwanza kubeba kutoka chini, la pili kushika kutoka chini. Na "maintain"? Hilo ni kushika kwa mkono.

Sasa tazama mkono huo ulivyofanya kazi. Zama hizo bwana mkubwa aliwapa wafuasi wake sare na beji. Mfuasi akishtakiwa, bwana anatuma watu kortini, raia walioitwa kuamua kesi wanatishwa, mambo yanakwisha. Kushikwa huko kuliitwa "maintenance", na lilikuwa kosa! Sheria ya Westminster ya 1275 iliwakataza maofisa wa mfalme kushikilia kesi za watu ili wagawiwe kinachogombewa. Mwaka 1390 Mfalme Richard II akabana ugawaji wa sare. Kosa lenyewe lilikuja kufutwa Uingereza mwaka 1967. Leo neno lilelile ni fedha za matunzo ya mtoto, au ukarabati wa lifti.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Yule mfuasi hakuanguka, sawa. Lakini mkono uliomshika asianguke ndio huohuo uliomshika asiondoke.

Sisi je, tumekosa maneno? Nguzo hutegemeza paa. Daraja huhimili uzito. Mzazi hukimu familia. Majirani hudumisha amani. Na rafiki? Rafiki hukuunga mkono: mkono wake kando ya wako, si shingoni mwako.

Basi, mwandishi mwenzangu, kabla kalamu yako haijaandika "sapoti", jiulize: hapa nani kamshika nani? Na aliyeshikwa, akitaka kwenda zake, ataachiwa?