Solfa ya Sosiot

Jioni ya mazoezi hapa Sosiot, Kericho, mwalimu wa kwaya akisema "Tena, tena!", wanaume waliosimama nyuma hujua wameitwa na hujua wanatakiwa warudie. Tena ya kwanza ni sauti, ya pili ni kazi. Soprano, alto na besi hunyamaza. Kisha mwalimu hukunja ngumi mbele ya kifua: hiyo ni do. Kiganja kikilala kutazama chini, ni mi.

Nilipenda solfa kabla sijajua ilikotoka. Ubaoni huandikwa herufi mojamoja, d r m f s l t, na nukta mbili za kuonyesha mapigo, na mtu ambaye hajawahi kugusa kinanda hushika wimbo mgeni kabla giza halijaingia. Kwa sikio la Kiswahili, mi ni mimi, fa ni kifo, la ni kukataa. Kwayani maana hizo huachwa mlangoni. La ni mahali tu, juu ya so, chini ya ti.

Aliyeanzisha uimbaji huu wa silabi ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Kiitalia aliyezaliwa karibu na mwaka 991. Alifundisha kuimba katika monasteri ya Pomposa, na kilichomsumbua kinamsumbua mwalimu yeyote wa kwaya: wanafunzi walikariri nyimbo miaka kumi kwa kumsikiliza mkubwa wao, na wakipewa wimbo mpya hawakuwa na pa kuanzia. Akatengeneza njia ya kuandika sauti juu ya mistari, akasema mwimbaji ataiva kwa mwaka mmoja au miwili. Watawa wenzake wakamwonea kijicho. Karibu na mwaka 1025 akahamia Arezzo kwa Askofu Tedaldo, akaandika kitabu chake, Micrologus. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, na Guido anasimulia katika barua kwa mtawa mwenzake Mikaeli kwamba Papa hakuondoka mpaka alipoimba mwenyewe mstari ambao hakuwahi kuusikia. Joto na unyevu wa Roma vikamwangusha kwa maradhi, akarudi zake.

Silabi zimo katika barua hiyohiyo. Alichukua wimbo wa Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake huanza sauti moja juu ya kilichotangulia, akatwaa silabi ya kwanza ya kila kipande: ut, re, mi, fa, sol, la. Hapo namvulia kofia. Hakutafuta neno la kuieleza sauti. Alichukua silabi ambayo tayari ilikuwa na sauti yake kinywani mwa mtoto. Baadaye, katika karne ya 17, ut ikawa do. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, akaigeuza si, iliyokwisha kuongezwa, ikawa ti, ili herufi yake isigongane na ya sol, na John Curwen akaieneza solfa hiyo.

Mji huu nao una jina lililochukuliwa tayari, kama silabi za Guido. Sosiot kwa Kikipsigis ni mkindu, na ni kijiti cha mkindu kilichochanwa ncha, ambacho akina mama husugulia ndani ya kibuyu cha maziwa ya mursik. Mti umekuwa kifaa, jina likabaki lilelile. Ndiyo maana sioni haja ya kuitafsiri solfa. Istilahi nyingi tunazitaka zijieleze. Hii haijielezi, inashikika.

Hata jina la mtu hushikika hivyo. Mwaka 1950, huko Kapkatet, mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika huku kwa santuri, jina lake likazunguka vinywani hadi likawa la kienyeji. Katika wimbo wao jina lilikaa, mtindo wake wa kuimba haukukaa. Kwa Guido imekuwa kinyume. Kazi yake iko vinywani mwetu kila wiki, na mimi naona anatudai jina.

Nililitaja siku moja baada ya mazoezi. Mama mmoja wa alto akaniuliza, "Huyo ni wa Biblia?" Nikamweleza. Akaninyooshea karatasi yake ya wimbo na penseli, akasema, "Mwandike basi." Nikaliandika juu ya d ya kwanza.