Nasaba ya Kiwanga na Ubena wa Mito

Shamba la mpunga katika bonde la Kilombero aghalabu hutajwa kwa jina la mwenye kulilima, naye msimu ukiwadia huihama nyumba yake ya Katindiuka au ya Ifakara mjini, akajenga dungu huko bondeni na kukesha akiyalinda mazao. Lakini nchi nzima ya juu ya mto ilipata jina kwa jamaa ambao hawakuingia na jembe, bali waliingia wakikimbia vita.

Jamaa hao ni Wamanga, ukoo uliowatawala Wabena. Asili yao ni milimani, na Mtengera, mkubwa wao katika karne ya kumi na tisa, aliposhindwa na Munyigumba wa Uhehe, baba yake Mkwawa, aliteremka na watu wake hata mitoni, akawakuta Wandamba, wavuvi na hodari wa mitumbwi tangu kale. Hata hivyo, jina lililoshika ni la wageni, Ubena wa Mito, kwani lilifuata dola, halikumfuata aliyetangulia kutega migono.

Kiwanga, aliyeurithi utawala huo, alijiunga na Wadachi walipomwandama Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898. Na vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wambunga na Wapogoro wakainuka na boma la Mahenge likashambuliwa, yeye hakuuvunja urafiki wake na serikali. Wapo wamlaumuo, nami siwakatazi. Ila anayemhukumu na akumbuke kwamba upanga wa Uhehe ulikuwa umekwisha kuwafukuza wazee wake kwao, na wa Wadachi bado.

Zama za Waingereza, Mtema, yaani mtawala, Towegale Kiwanga alifanya jambo la nadra. Afisa A. T. Culwick na mkewe, G. M. Culwick, walipotunga kitabu juu ya Ubena wa Mito, kilichopigwa chapa London mwaka 1935, mtema alitia humo sura yake mwenyewe. Wandamba nao walikuwa wameandikwa na A. G. O. Hodgson, mwaka 1926, katika makala juu ya desturi zao za uwindaji: waliandikwa, hawakuandika.

Utemi uliondolewa kisheria mwaka 1963, na jina la Ubena wa Mito halikurithiwa na wilaya yoyote. Kilombero na Ulanga, wilaya mbili miongoni mwa za bonde, zimeitwa kwa majina mawili ya mto uleule.