Miaka 60 ya kufukuzwa chuo: nani husikilizwa kwanza?

Oktoba 22 mwaka huu inatimia miaka 60 tangu Rais Julius Nyerere awafukuze karibu wanafunzi 400 kwa siku moja. Ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine vya jijini waliandamana, baadhi wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwa wasomi.

Hapa Mafiga mjini Morogoro, kata inayopakana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), tarehe hiyo haina maadhimisho. Vijana waliopanga vyumba mitaani humu wanazungumzia bumu (pesa za kujikimu), sapu (mitihani ya marudio) na kudisko. Lakini kudisko si kufukuzwa. Aliyedisko ameshindwa mitihani. Aliyefukuzwa ameshindwana na chuo, na historia ya kushindwana huko ni ndefu kuliko umri wa SUA yenyewe.

Kisa cha 1966 kinajulikana. Serikali ilitaka mhitimu alitumikie taifa miaka 2, sehemu kubwa ya muda huo akiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara wake. Vijana wakabeba mabango, mojawapo likisema ukoloni ulikuwa na nafuu, na wakasoma tamko kwamba miili yao ingekwenda kambini lakini roho zingebaki nje. Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba hamtaki mtu asiye na moyo wa kutumikia, akawarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walikuja kuruhusiwa kurudi masomoni. Simulizi husifu sana ule mshahara uliokatwa. Kwamba adhabu ilitolewa palepale uwanjani, na aliyekosewa ndiye aliyehukumu, ni nadra kusemwa.

Morogoro iliingia katika hadithi hii miaka 3 baadaye. Chuo cha Kilimo kilichokuwa kimefunguliwa 1965 chini ya milima ya Uluguru kilifanywa Kitivo cha Kilimo mwaka 1969, na Julai 1, 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea, kitivo hicho kikawa sehemu yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa na wa Mlimani, Dar es Salaam, walikuwa chini ya Makamu Mkuu wa Chuo mmoja. Alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji wa chama tawala, TANU.

Chini yake ndipo ulipozuka ugomvi ambao, kwa maoni yangu, unatufundisha mengi kuliko maandamano ya Ikulu. Simulizi ninayoitegemea hapa ni sura ya Chris Peter na marehemu Sengondo Mvungi kuhusu dola na harakati za wanafunzi, iliyomo katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa 1986. Ni wanasheria wawili wasioficha kuwa wako upande wa wanafunzi, na msomaji atawasikia ndani ya maneno yangu.

Mwaka ule wa kwanza haukuwa mtulivu. Novemba 1970 chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, waraka uliowakemea viongozi wenye majivuno na ubabe na kuwataka wananchi washirikishwe katika maamuzi. Viwandani wafanyakazi waliushika na kuwafungia nje mameneja. Chuoni, wanafunzi nao waliusoma, wakautazama utawala wao, wakaona maneno yanaoana na sura.

Kiongozi wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi, alikuwa Mkenya aliyeitwa Symonds Akivaga. Julai 1971 aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo akiulalamikia uongozi kwa kuamua mambo bila kuwashirikisha wanaohusika. Hakurusha jiwe wala hakuiba mtihani. Kosa lake lilikuwa barua, na silaha iliyokuwa ndani ya barua ile ni waraka wa chama tawala chenyewe.

Jibu halikuwa barua. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wenye bunduki walifika chuoni, wakamchukua Akivaga mbele ya wenzake, wakampeleka uwanja wa ndege, akasafirishwa kwenda Nairobi. Adhabu tatu zikamwangukia kwa pamoja: kufukuzwa chuo, kukamatwa na polisi na kuondolewa nchini. Wanafunzi wakasusa masomo, na walimu wengi wakaungana nao.

Tusikosee kuhusu hoja yao. Hawakudai kwamba mwanafunzi haguswi. Chuo kina haki ya kumwadhibu mwizi wa mtihani, mpigaji na mharibifu wa mali, na sikuona mahali popote wanafunzi wa 1971 walipokataa hilo. Walichouliza ni nani alikaa, akasikiliza pande zote mbili, akapima kosa na adhabu. Hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa kidole, kwa kuwa hapakuwa na kikao cha namna hiyo. Akivaga hakupotea, jina lake lilionekana tena 1985 miongoni mwa waandishi wa kitabu kuhusu serikali za mitaa za Kenya.

Siasa nazo zina ucheshi wake. Msekwa alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 1994. Mwaka 2005 alishindwa ndani ya CCM na Samuel Sitta, na Sitta akakalia kiti kile. Sitta alikuwa mmoja wa vijana waliorudishwa kwao na Mwalimu mwaka 1966. Mfukuzwa alipokea kiti kutoka kwa mtu ambaye chini ya uongozi wake mwanafunzi mwingine, Akivaga, alifukuzwa, na sikumbuki gazeti lililochekea jambo hilo.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa. Mei 12, 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kizima hadi Januari 1991.

Kwa upande wetu wa Morogoro kulikuwa na mfumo mwingine kabisa wa nidhamu, pale Mazimbu, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana wake waliokimbia ubaguzi. Waliosumbua wangeweza kuhamishiwa Dakawa, makazi ya pili ya chama hicho. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, ikawa kampasi ya SUA.

SUA yenyewe ilizaliwa Julai 1, 1984 kwa Sheria Namba 6, ikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyekufa kwa ajali ya gari mkoani hapa Aprili 12 mwaka huohuo. Mwaka huohuo pia Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba, na Ibara ya 13(6)(a) ikampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kingine. Akivaga angekuwa na kifungu cha kushika.

Baada ya kufungwa kule kwa 1990, mambo yamekuwa madogo madogo. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi 2005, migomo mingi ikawa ya pesa za kujikimu, na vyuo vikajibu kwa kuwasimamisha wanafunzi. Uchangiaji wa gharama na wingi wa wanafunzi ukawatoa wengi mabwenini wakapange Mafiga, Magadu na Kihonda. Zamani chuo kikifungwa mwanafunzi alipewa saa chache afungashe. Leo lango la SUA halimfikii aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba. Anabaki mtaani, hana masomo, hana bumu, na mwenye nyumba ndiye anayejua habari zake.

Adhabu sasa huja kwa mtu mmojammoja, kwa wito, kikao na barua. Ni hatua kubwa kutoka kwenye bunduki, na vyuo vinastahili sifa kwa hilo. Lakini kanuni zinazomhukumu kijana zimeandikwa kwa Kiingereza, na barua pia. Mzazi wa Mgeta au Matombo anayetaka kujua mwanawe amekosa nini, na ana nafasi gani ya kukata rufaa, humpa barua ile mwanawe mwenyewe amsomee.