Meza Tulipewa, Salamu Hatukupewa

Kila tunapofundisha mada ya maneno ya mkopo, wanafunzi wetu huyataja ya Kireno bila kusita: meza, bendera, leso, kasha, kopo, mvinyo, gereza. Baadhi yake yamefika hadi hapa Uganda kupitia Kiswahili, na Mganda anaposema emmeeza au bbendera hana habari ya Ureno. Lakini tukiwauliza ni salamu ipi tuliyoipata kwa Wareno, darasa hunyamaza. Hakuna. Bom dia haikuingia, wala obrigado, wala por favor. Asante na tafadhali yote mawili asili yake ni Kiarabu.

Si jambo dogo hilo, kwani Wareno walikuwa na mkono katika pwani kwa takribani miaka 200.

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, katika msafara wake alikuwamo Fernão Martins aliyejua Kiarabu. Kiarabu ndicho kilichobeba mazungumzo, na wenyeji hawakuwa na haja ya kujifunza lugha ya mgeni. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Katika hali kama hiyo watu hawajuliani hali! Kuanzia 1593 ikajengwa Ngome ya Yesu, Mombasa, na Wareno wakawa na kuta za kujifungia. Neno gereza lenyewe latokana na igreja, yaani kanisa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kanisa lilikuwa ndani ya ngome, jina likaishika ngome nzima, na ngome ikaja kuwa mahali pa kufungia watu.

Aliyekijua Kireno barabara alikuwa Yusuf bin Hasan. Alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Kiagustino na kubatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa kuitawala Mombasa. Agosti 1631 aliwageuka walezi wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Kuijua lugha ya mtu na kupatana naye ni mambo mawili.

Hata hivyo, tusiseme kwamba hapakuwa na maongezi kabisa. Karata, turufu, kopa, uru, shupaza: haya yote ni ya Kireno, na karata haichezwi kwa ishara. Kwa maoni yetu, mezani pa karata ndipo watu wa kawaida walipozungumza, na vitabu vya historia havipajali.

Mwanafunzi wa leo ana sababu nyingine ya kujifunza salamu hizo. Kireno ndiyo lugha rasmi ya Msumbiji, na mwaka 2019 SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mzoefu wa ngeli hatapata taabu: bom dia asubuhi, lakini boa tarde alasiri na boa noite usiku, kwa kuwa kivumishi hufuata jinsia ya nomino. Kwenye shukrani ndipo wengi hukosea. Mwanamume husema obrigado na mwanamke obrigada, hata wakimshukuru mtu yule yule. Kireno hutazama anayeshukuru. Kiswahili, kwa asante na asanteni, huhesabu wanaoshukuriwa.